Kikapu cha mdomo kwa mbwa anayerukia wageni: nimekitumia mwaka mmoja na nusu

Nilikinunua juma moja baada ya Jeki kumrarulia suruali fundi wa bomba aliyeingia uani kwetu. Jino halikugusa ngozi, lakini uso wa yule mzee sijausahau. Usiku ule nilikaa macho nikimtazama mbwa wangu amelala miguuni pangu, ametulia kana kwamba halikutokea neno, nikawa najiuliza safari nyingine itakuwa zamu ya nani.

Kifaa chenyewe ni cha mpira, kina matundu mapana kama tenga dogo, na kinauzunguka mdomo bila kuubana. Nasisitiza hilo la kutobana kwa sababu cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha kitambaa, kile kinachofumba taya zote mbili. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Joto analitoa kwa kutweta, mdomo wazi na ulimi nje. Ukimfumba taya juani unamweka hatarini. Kile cha kitambaa kibaki kwa daktari wa mifugo, kwa zile dakika chache za kuchoma sindano. Akiwa na kikapu Jeki anatweta, anakunywa maji, na anapokea kipande cha nyama kupitia matundu. Bila hilo la nyama nisingefika popote, na nitaeleza kwa nini.

Kipimo kilinisumbua. Pima kwa futi ya kushonea urefu wa mdomo, kuanzia chini kidogo ya macho hadi ncha ya pua, kisha uzunguke sehemu nene zaidi. Mbele ya pua ibaki nafasi ya kama sentimita 1, na chini taya iwe na pa kufunguka. Mimi nilikadiria kwa macho, kikaja kidogo, kikamchubua juu ya pua, ikabidi nikibadilishe. Pia chagua chenye mkanda unaopita katikati ya paji la uso. Jeki bila mkanda huo anakivua kwa miguu ya mbele mara moja.

Kumzoesha kulichukua karibu wiki tatu. Nilipaka nyama iliyosagwa ndani, nikakishika mkononi, nikamwacha aingize pua mwenyewe na kuitoa apendavyo. Siku kadhaa sikufunga mkanda kabisa. Halafu nikafunga kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, nikafungua, tukacheza. Sasa akikiona ananyoosha kichwa kama anapoiona kamba ya matembezi. Ukimvisha kwa nguvu siku ya kwanza kwa kuwa mgeni yuko mlangoni, atakichukia kikapu na mgeni atamchukia maradufu.

Nyota zote tano nakipa kwa kuzuia jino. Kwa tabia yenyewe sikipi hata moja, kwani hofu haikai mdomoni. Jeki anawaogopa watu asiowajua. Alikuja kwetu mkubwa tayari, na zile wiki za utotoni, kama ya 3 hadi ya 14, ambazo mtoto wa mbwa hujifunza kuwa watu wa kila sura ni wa kawaida, sijui alizipitia wapi. Kabla ya kikapu nilimlipa mwalimu wa mbwa aliyetumia mnyororo wa shingoni. Kila Jeki aliponguruma, alimvuta kwa nguvu. Wiki ya tatu hakunguruma tena, nasi tukafurahi. Ni baada ya hapo ndipo alipomrukia fundi, kimya kimya, bila onyo. Ngurumo ilikuwa lugha yake ya kusema "usinisogelee", na sisi tulimnyang'anya lugha tukamwachia meno. Bado linaniuma. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mbwa wafundishwe kwa kutuzwa, wale wenye ukali wakiwemo. Laiti ningelisoma mapema.

Mwalimu wa pili, mama mmoja mtaratibu sana, hakukubali kuanza kabla Jeki hajapimwa na daktari. Akakutwa na uambukizo wa sikio. Mbwa mwenye maumivu huwa mwepesi wa hasira, na huenda sisi tulikuwa tunamlaumu mgonjwa. Alipopona tukaanza kazi ya umbali. Tulisimama mbali na njia wapitapo watu, mbali kiasi kwamba Jeki anamwona mtu lakini hababaiki. Mtu akitokea, nyama inatoka mfululizo; mtu akipotea, nyama inakoma. Asili yake ni kanuni aliyoiona Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa usagaji wa chakula: mbwa walidondosha mate kwa ishara tu ya kwamba chakula kinakuja. Nilitaka mtu mgeni awe ishara ya namna hiyo. Baada ya majuma mengi, Jeki akimwona mtu alianza kunigeukia mimi na kunitazama usoni. Siku ya kwanza kufanya hivyo nilitokwa na machozi pale pale njiani.

Mama yule alinifundisha pia kumsoma. Kulamba midomo pasipo chakula, kupiga mwayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, mwili kukakamaa ghafla: hapo rudi nyuma, umeshakaribia mno. Na mkia ukiwa juu, mgumu, ukitikisika haraka haraka, usidhani anafurahi.

Langoni ilikuwa kesi ya pekee. Kila mpita njia alibwekewa, na kila mpita njia, kwa kuwa anakwenda zake, aliondoka. Machoni mwa Jeki alikuwa amewafukuza wote, mara ishirini kwa siku. Tuliziba nafasi za lango kwa mbao asione nje, na tukaacha kumfunga mnyororo pale. Kazi ya siku mbili tu, na kelele zilipungua kuliko nilivyotarajia.

Sasa kikapu kilisaidia nini katika haya yote? Mkono wangu. Zamani nikimwona mtu kwa mbali nilikuwa naikaza kamba bila kujijua, na Jeki akipata mkazo ule shingoni anajua kuna hatari. Nilipokuwa na hakika kwamba hawezi kumuuma mtu, kamba ililegea, pumzi yangu ikashuka, nikaweza kumtazama yeye badala ya kutazama njia. Na watu wakikiona kikapu hujitenga wenyewe. Wengine wananitazama vibaya, nimezoea. Ule umbali wanaouacha ndio ninaouhitaji.

Kasoro zipo. Kifungo cha chuma kilianza kutu. Nisipokiosha kila baada ya matembezi kinanuka mate. Hakifai mbwa akiwa peke yake, maana anaweza kunasa mahali. Tena mbwa aliyevikwa bado anaweza kumgonga mtu kwa kishindo kikubwa, kwa hiyo simruhusu mgeni kumpapasa, hata anayeniambia kwamba mbwa wote wanampenda.

Chanjo ya kichaa cha mbwa siipitishi tarehe. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Akitokea mtu akaumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi yule fundi wa bomba alirudi. Nilimwomba mwenyewe, nikampigia simu na kumweleza. Jeki alikuwa ndani na kikapu chake, nyuma ya kizuizi cha mlango, mimi pembeni na nyama mfukoni. Alinguruma mara moja. Nikamshukuru kwa kunguruma, nikamsogeza nyuma hatua chache, akalala chini akimwangalia mzee akifungua bomba. Mzee alimaliza kazi yake na suruali yake nzima. Kikapu kikichakaa nitanunua kingine cha aina hii hii, ila chenye kifungo cha plastiki.