Gari inachemsha: uiuze au skrepa? Usiipeleke kwenye mizani kabla hujaona hii rangi

Haya haya haya, wadau karibuni tena, leo hakuna utangulizi mrefu kwa sababu nimekuja na hasira. Kila nikifungua komenti ni zile zile, "kaka gari yangu ya zamani inachemsha, fundi kasema injini imekwisha, niiuze au niipeleke skrepa?" Na mimi nauliza, fundi kapima nini? Kimya. Fundi kafungua kifuniko cha oili, kaona uji mweupe kwa ndani, kadhani maji yameingia kwenye oili, katikisa kichwa, hukumu imetoka. Jamani! Ule weupe unaweza kuwa ni unyevu tu, gari inayokwenda safari fupi fupi injini haipati joto la kutosha, mvuke unaganda pale juu kwenye kifuniko, na injini yenyewe ni nzima kabisa. Watu wameshauza magari kwa kilo kwa sababu ya kifuniko!

Sasa leo tunachambua hiki hapa. Dogo, sogeza kamera. Hiki ni kipima gasketi ya silinda hedi, mirija ya plastiki imeunganishwa, juu mpira wa kubonyeza, chini koni ya mpira ya kukaa mdomoni mwa rejeta, na kichupa cha dawa ya bluu. Yaliyoandikwa kwenye boksi sisomi, mnajua kusoma. Plastiki yenyewe ya kawaida sana, mpira nao nauangalia hivi naona hautazeeka vizuri, lakini hiyo dawa wadau, hiyo dawa naipenda mpaka naona aibu.

Kazi yake iko hivi. Kati ya bloku, ule mwili wa injini, na silinda hedi, kile kichwa kinachofungwa juu yake, kuna gasketi, na pale ndipo zinapokutana njia tatu ambazo hazitakiwi kujuana: moto wa silinda, oili, na maji ya kupozea. Gasketi ikiungua au hedi ikipinda, moshi wa mwako unapenya unaingia kwenye maji, unasukuma maji nje, rejeta inajaa hewa, gari inachemsha, unaongeza maji, inachemsha tena, unabadilisha wota pampu bure. Moshi wa mwako una kaboni dayoksaidi nyingi. Na hii dawa ikikutana na kaboni dayoksaidi inaacha kuwa bluu inakuwa njano. Mwisho wa sayansi. Hakuna bluetooth, hakuna programu ya kudownload, hakuna betri.

Tuanze na kuhakikisha dawa yenyewe iko hai, maana zikikaa muda mrefu zinachoka na wewe utadhani gari nzima. Namimina mpaka kwenye mstari. Naipeleka kwenye bomba la eksozi la gari iliyo sailensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta, nabonyeza mpira, naachia, inavuta hewa inapita ndani ya dawa, mnaona mapovu? Bonyeza, achia. Bonyeza... ona sasa, inaanza kijani kijani... na hiyo njano hiyo. Safi, dawa iko hai. Naivutia hewa safi kidogo hapa nje, inarudi bluu taratibu. Hata ukiipulizia pumzi yako inabadilika, kwa hiyo usiiinamie unapumua juu yake halafu uje kwenye komenti kulia kwamba gari yako imekufa.

Sasa gari. Sikilizeni hapa vizuri, hapa watu wanaungua. Kifuniko cha rejeta unafungua injini ikiwa BARIDI. Mfumo ukiwa wa moto una presha, maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua presha inashuka ghafla yale maji yanaruka yote usoni kwako. Kwa hiyo baridi, fungua, punguza maji yashuke kama vidole vitatu hivi, kwa nini? Kwa sababu ukivuta maji yakaingia kwenye dawa umeiharibu, kazi imeisha, tafuta kichupa kingine. Halafu washa, iache sailensa mpaka thamostati, ile valvu inayoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta, ifunguke, utajua kwa kushika ule mpira wa juu wa rejeta, unapata joto. Hapo ndipo unaweka koni, unaikandamiza ikae vizuri isiingize hewa ya nje.

Hii ya kwanza ni gari ya dogo, haina tatizo, tunaitumia kulinganisha. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Dakika nzima inatosha, mbili ukitaka uhakika. Bluu. Bado bluu. Dogo lala usingizi.

Haya, twende kwa mgonjwa. Hii nyeupe hapa inachemsha, asubuhi ukiwasha inatetemeka kidogo halafu inatulia, maji yanapungua na chini hakuna tone. Mwenye nayo keshaambiwa aite lori la skrepa. Tayari ina joto. Koni. Bonyeza... achia... tazama mapovu tu, bado bluu... bonyeza... Dogo usisogee! Oooh! Mmeona? Hata hatujabonyeza sana, imeanza kijani, sasa hiyo ni njano, njano ya wazi haina mjadala. Moshi uko kwenye maji. Aidha gasketi, aidha hedi ina ufa, na kutetemeka asubuhi ni maji yaliyovuja usiku kwenye silinda. Na ukitaka kujua ni silinda ipi, ngoja ipoe ufungue plagi, ile iliyosafishika kuliko wenzake ndiyo inakunywa maji. Hicho ndicho ninachokipenda, umepata jibu umesimama na suruali safi, hujafungua hata nati moja.

Sasa msinijie juu, mnasema "mbona nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani". OBD, kile kinachosoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Ninacho, nakitumia, Marekani magari yote mapya ya abiria yanayo soketi hiyo tangu 1996, Ulaya ya petroli tangu 2001, sawa. Lakini gasketi haina sensa wadau! Kile kidude kitakwambia namba ya kosa P0300, injini inamisi, yaani silinda zinakosa kuchoma, basi unanunua plagi, unanunua koili, unanunua na nozeli, bado inamisi. Kitakwambia P0420, masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, yamechoka, na kumbe yamechoka kwa sababu yanapikwa na kulanti, yale maji ya kupozea. Hakikudanganyi, ila kinakuonyesha moshi ukiwa unatafuta moto. Na zile video za "kidude hiki kinagundua kila ugonjwa wa gari", mimi majina sitaji, ila mnawajua, wanapewa bure ndio maana.

Kasoro za hiki chetu nazo nizitoe, maana mtasema nimelipwa. Moja, koni haikai kwenye magari yasiyo na kifuniko kwenye rejeta, yale ya tanki la pembeni lenye kifuniko cha kuzungusha, nimehangaika kweli, ikabidi nizungushie kitambaa na bado hewa ilikuwa inapita, hiyo inaniudhi, wangeweka koni mbili wangekufa? Mbili, na hii ni kubwa zaidi, ikibaki bluu haimaanishi gasketi nzima kwa kila namna. Kama imetoboka kati ya njia ya oili na ya maji tu, moshi haupiti, dawa haioni kitu. Hapo unarudi kwenye oili yenyewe, vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, siyo kifuniko, dipstiki, ukiona maziwa huko chini basi hayo sio mvuke wa safari fupi.

Nilitaka kukipa tisa kati ya kumi, kwa sababu ya ile koni nakipa saba. Saba na nusu. Bei yake ukilinganisha na kubadilisha oili na filta vinakaribiana, sasa fikiria unaamua hatima ya gari nzima.

Tuje kwenye swali lenyewe. Njano imetoka, skrepa? HAPANA, ngoja. Njano inakwambia ugonjwa, haikwambii kifo. Kinachoua gari ni bodi. Ingia chini na bisibisi, gonga kwa mpini kule kwenye sili za pembeni, ile mihimili ya chini ya milango, kwenye vikombe vya shokapu, sehemu ambazo jeki inakaa. Ikilia kikavu ni chuma. Ikilia bofu bofu na kutu inaanguka, hata uweke injini mpya hiyo gari imekwisha, na ukimuuzia mtu wa kubebea watoto unajua unachofanya. Gari iliyooza mifupa mimi naipeleka skrepa hata kama injini inaimba.

Hii nyeupe nimeigonga yote, mifupa mizima, gia inaingia bila mshtuko, oili ya gia nyekundu haina harufu ya kuungua. Kwa hiyo hesabu inabaki kwenye hedi. Ikifunguliwa inalazwa rula ya chuma juu, kama imepinda kidogo inachongwa inarudi, injini nyingi hazitaki upindaji uzidi 0.05 mpaka 0.1 mm hivi, kama ina ufa unatafuta hedi ya mtumba. Chukua bei ambayo gari kama hiyo ikiwa nzima inauzwa, toa gharama ya kazi yote ya hedi, toa na kitu cha ziada maana gereji hakuna kazi inayoisha kwa bei ya kwanza. Kinachobaki kikizidi kidogo tu kile cha mizani, usihangaike kuitengeneza, iuze ilivyo. Kuna mafundi wanatafuta magari ya hivyo usiku na mchana, kazi ambayo wewe unailipia yeye anaifanya mwenyewe wikendi. Na unamuonyesha hiyo njano, unamwachia apime mwenyewe. Mnunuzi aliyeona ugonjwa kwa macho hapunguzi bei kwa hofu, anapunguza kwa hesabu.

Na tafadhali, ile dawa ya chupa ya kumwaga kwenye rejeta eti inaziba gasketi, usimwage ili uuze. Nyingi zina sodiamu silikati, ile inayoitwa kioo cha maji, ikipata joto inakauka inakuwa ngumu kama kioo. Mnajua Marekani 2009 serikali ilipowalipa watu watoe magari ya zamani wanunue mapya, magari yale karibu 677,000, walitumia nini kuua injini zisirudi barabarani? Walimwaga oili, wakajaza sodiamu silikati, wakakanyaga mafuta mpaka injini ikakwama. Kitu kile kile! Najua, huku kinaingia kwenye maji na kule kilikaa mahali pa oili, lakini gasketi ikiwa imetoboka upande wa oili, wewe unafikiri kitaishia wapi? Na kikishaziba vijitundu vya hita na rejeta, fundi atakayenunua ataona na atakuachia gari yako.

Sasa wale ambao kweli ni skrepa, bodi imeoza, hati mnazo, msikubali bei ya kilo kwa gari nzima bila kuuliza. Masega ya eksozi yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana, ila ndiyo sehemu ambayo watu wanaiba usiku, sasa kwa nini wewe uitoe bure? Rodiamu ilipanda kichaa 2021 halafu ikaporomoka, kwa hiyo ukiambiwa na jirani alichopata mwaka ule usiende na ndoto hiyo. Betri, alteneta, stata, taa, milango, rimu, kila kimoja kina mtu wake, ukiwa na nafasi ya kuiegesha na majirani wasiolalamika uza spea kwanza. Huna nafasi? Basi yote kwa pamoja, maisha yaende. Oili na kulanti usimwage chini, kulanti ni tamu, wanyama wanainywa na inawaua. Na ukishakabidhi, futa jina lako kwenye usajili, kwa sababu kwenye maandishi gari ni yako mpaka utakapofuta, hata kama imeshakuwa nondo.

Ee nimesahau, chaneli. Wale mliouliza kuhusu gia boksi za CVT, video ipo inakuja, nimechelewa kwa sababu maiki ilikufa, leo mnasikia hii ya simu, samahani kwa feni ya rejeta inavyopiga kelele. Wanachama wa kwanza kwanza wataiona mapema. Sabskraibu, wengi mnaangalia bure bure hapa nawaona.

Kwa hii nyeupe nimeshamwambia mwenye nayo: lori la skrepa alirudishe, aandike kwenye tangazo "gasketi ya hedi, bodi safi, gia nzima, njoo na kipimo chako". Dogo zima injini hiyo, sindano ya joto imeshapita nusu, na usiguse kifuniko!