Nilipeleka kitufe kimoja kibovu, nikarudishiwa vitatu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee mwenye duka, si ya duka. Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazikupoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa redio za baharini hapa Mombasa. Wateja wangu ni manahodha wa boti za uvuvi na za kutembeza watalii, na hakuna redio inayotoka mezani kwangu bila kupimwa chaneli 16, ile ya kuitia msaada, 156.8 megahezi. Napimia jenereta ya mawimbi ya miaka ya 1980. Naingiza ishara ndani ya redio, naishusha kidogo kidogo mpaka chini ya mikrovolti moja, nasikiliza kama redio bado inaipata. Isipoipata, nahodha akiwa nje ya mwamba usiku anaweza kuitwa na asisikie kitu. Kwa hivyo mtu akiniambia mashine yangu ni mzigo wa zamani, mimi simcheki.

Jenereta yenyewe nzima kabisa. Kinachougua kwenye mashine za umri ule ni kibodi. Chini ya vitufe hutandikwa mpira wa silikoni, na chini ya mpira, kwa kila kitufe, pana kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidonge kinagusa njia mbili za shaba zilizopakwa dhahabu kwenye bodi na umeme unapita. Miaka ikienda mpira unatoa mafuta, na kwetu hapa kuna chumvi na unyevu wa bahari juu yake. Vidonge vizima vya mashine yangu vilizuia umeme kwa omu mia na kitu tu kwenye mita. Cha 6 kilikuwa kimepita elfu nane. Nabonyeza mara tano, kinaitika mara moja. Na 156.8 bila 6 utaiandikaje?

Nilikisafisha mwenyewe kwa spiriti na kitambaa laini, mara mbili. Kikapona wiki chache, kikarudi pale pale. Nikaona sasa kinataka kidonge kipya, na mkono wangu si wa kazi ndogo kiasi hicho. Nikaelekezwa duka moja hapa mjini, nikaambiwa wanafufua kibodi za mashine za vipimo, hata zile ambazo vipuri vyake havipatikani tena popote.

Ilikuwa karibu na Ramadhani. Nikamkuta kijana kaunta. Nikamweleza pole pole kama ninavyowaeleza nyinyi: kitufe ni kimoja, usitumie msasa, na kila cha zamani utakachokitoa, hata kama kimeharibika, nirudishie. Nililisema hilo la mwisho mara mbili. Hakuinua macho kwenye simu. Akaigeuza mashine kama anageuza gunia la mkaa, akasema: "Mzee, hii peleka Fort Jesus wakuwekee kwenye kioo." Wenzake wakacheka. Nina mvi, na pale dukani palikuwa na wateja wengine. Mwanangu angemjibu mtu mzima vile, angejua mimi ni nani.

Nikameza. Nikaiacha. Hapo kosa ni langu, ningeibeba nikaondoka.

Niliporudi nikapewa mashine na kuambiwa tayari. Nikaiwasha pale pale kaunta. 1, 5, sawa. 6, kimya. Nikajaribu 3, kimya. 9, kimya. Kijana akaniambia eti mashine "imezeeka yote". Haikuzeeka yote! Vitufe vya kibodi hii vimepangwa kwa mistari na safu, na 3, 6 na 9 wanashiriki safu moja, waya mmoja unaokwenda kwenye ubongo wa mashine. Vitatu vikifa pamoja, jua njia yao imekatika. Nikafungua skrubu mwenyewe nyumbani, nikaona: alipiga msasa. Dhahabu imeondoka, shaba imekwanguliwa mpaka njia ikakatika, na vidonge vya kaboni vimechanika kama ngozi ya nazi. Nilikaa chini. Kwa miezi mingi sijawahi kuumwa na jambo la kazi kama nilivyoumwa siku ile.

Kazi haisubiri, nikatafuta njia. Chaneli 16 nikawa naipata hivi: naandika 157, naweka hatua ya 0.2, nabonyeza mshale wa kushuka mara moja. Chaneli 70, ambayo ni 156.525, nashuka 0.475. Yaani kila kipimo naanza na hesabu ya kutoa, na nahodha amesimama mlangoni anataka kuwahi maji.

Sasa hapa ndipo ninapokosa msimamo, na sitaficha. Mzee mwenye duka alipopata habari alinipigia simu yeye. "Bwana fundi, niwie radhi, lete niione kwa macho yangu." Nikaenda nimejiandaa kugombana. Alivyoiona ile bodi alinyamaza kwanza, akaipitisha kidole pale palipokwanguliwa. Hakumtetea kijana. Akaniambia kuunga njia kwa waya kungewezekana lakini vidonge havirudi, afadhali atengeneze kibodi nyingine kwa vipimo vya ile ile.

Na alitengeneza. Alipima kila tundu kwa kalipa, akachora bodi mpya kwenye kompyuta, ikachongwa China, na mahali pa kila kidonge akalehemu swichi ndogo ya kubonyeza ya milimita 6 kwa 6. Vitufe vya juu vya plastiki, vyenye namba zilizoandikwa, akavitumia vile vile vya asili. Kazi ngumu ilikuwa kimo. Swichi ikiwa fupi, kitufe kinazama ndani ya paneli. Ikiwa ndefu, kinakaa kimebonyezwa muda wote. Alijaribu swichi za vimo vitatu mpaka vitufe vikasimama sawasawa kama siku mashine ilipotoka kiwandani. Malipo hakuchukua hata senti. Mkono wa fundi kama ule sijauona hapa mjini. Nilitaka kuwapa nyota tano, wallahi, nilishaanza hata kuandika.

6 sasa inaitika kila mara. Inatoa mlio wa "tik" ambao ule mpira haukuwa nao, na hilo nimelizoea.

Halafu nikauliza: mpira wangu uko wapi? Umetupwa. Kijana aliutupa siku mzee alipoutoa kufunga kibodi mpya, pamoja na vikopo vya chai. Mpira wenye vidonge vilivyochanika, ndiyo, lakini umbo lake lilikuwa zima: kila kitundu, kila ukingo, unene wake wote. Ule ndio ungetolewa kalibu, tukamimina silikoni mpya, na yeyote mwenye mashine kama hii angepata mpira wake. Kibodi ya mzee ni nzuri lakini ni kitu kingine. Ya asili imekwenda jaani, na nilisema mara mbili nirudishiwe! Mara mbili! Ukifanya kazi ya kufufua vitu vya watu halafu unatupa kielelezo, unafufua nini?

Basi zile nne nimezirudisha. Nyota moja.

Nina jamaa yangu kule Likoni mwenye jenereta ndugu ya hii, mpira wake umepasuka vipande vipande. Alikuwa akiungoja wangu tuutolee kalibu. Nilipompa habari alinyamaza kwenye simu, nikamwambia asithubutu kuipeleka ya kwake pale. Jana nimempigia tena. Nimemwambia aipeleke, kwa sababu mwingine wa kuijenga upya kibodi yake simjui. Lakini asimpe mtu wa kaunta. Akae kwenye benchi, mashine mapajani, mpaka mzee atoke nyuma aipokee mwenyewe, na vile vipande vya mpira avifunge kwenye leso arudi navyo nyumbani.