Insha ya nyumbani au mtihani wa mdomo kwa darasa la watu 300?

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoweza kuandika insha, itoke Novemba 2022, insha ya kuandikia bwenini imepoteza nguvu. Programu za kutambua maandishi ya akili mnemba hazitoshi kumtia mtu hatiani. OpenAI wenyewe, waliounda ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa usahihi mdogo.

Kwenye muda, wengi hukosea hesabu. Insha ikisahihishwa kwa dakika 12, watu 300 ni saa 60, tena unasahihisha kidogo kidogo, hata usiku. Mdomo wa dakika 10 (8 za maswali, 2 za kujaza alama) ni saa 50, ila unadai watahini wawili: saa 100 za kazi. Ukizisahau zile dakika 2, foleni ya asubuhi inafika magharibi.

Mdomo una mtego mwingine: maswali huvuja. Wa kwanza akitoka, WhatsApp imeshajaa. Andaa maswali 15 ya uzito sawa, kila mmoja achote mawili. Na kwa Tanzania, ambako vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza, kusitasita kwa lugha huonekana kama kutojua somo. Tenganisha alama za hoja na za ufasaha.

Insha bado inashinda katika kujenga hoja ndefu. Ibakize kwa alama chache, kisha 60 waliopatikana kwa kura watetee aya mbili za kazi zao, dakika 5 kila mmoja. Hizo ni saa 5 tu, na utaratibu wa kura utangazwe wiki ya kwanza, si baada ya kukusanya insha.