Kusomewa vitabu vya picha Mji wa Kale: maoni ya mzazi

Kwa Jumamosi nne mfululizo nimempeleka mwanangu wa miaka minne kwenye kikao cha kusomewa vitabu vya picha, kinachofanyika katika ghorofa ya juu ya duka dogo la vitabu huku Mji wa Kale, Mombasa. Ada ni shilingi 300 kwa mtoto, mzazi halipi, na kikao huchukua kama dakika 45. Tangazo lililobandikwa mlangoni linasema kwamba shabaha ni kuwasaidia watoto kuzitambua hisia zao, na hilo ndilo nililokwenda kulipima, kwa kuwa kusoma tu hata nyumbani tunasoma.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi msomaji, mama wa makamo ambaye watoto humwita Mwalimu, asivyokuwa na haraka. Akifika ukurasa wenye uso wa mtu, huyafunika maandishi kwa kiganja, huuliza, "Uso huu wasemaje?" kisha hunyamaza, tena hunyamaza kweli, hadi sisi wazazi tukaanza kukohoa. Jumamosi ya pili hadithi ilikuwa ya mvulana aliyeitia tope kanzu yake mpya asubuhi ya Idi. Mtoto mmoja alisema kakasirika, mwingine akasema kanuna, na binti mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema, "Si hasira hiyo, Mwalimu. Yuwaona haya." Mwalimu hakumsifu huyu wala kumsahihisha yule, aliwauliza tu wameona nini pichani, nao wakabishana kuhusu macho yaliyoinama na mikono iliyofichwa mgongoni.

Usomaji wa namna hii, ambapo mtoto huachiwa aieleze picha badala ya kusikiliza tu, ulifanyiwa utafiti Marekani na Grover Whitehurst na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1988. Walichokipima wao ni ukuaji wa lugha, lakini pale mkekani niliona kwamba lugha na hisia haziko mbalimbali: mtoto mwenye neno "hasira" peke yake ataita kila dhiki hasira, ilhali sisi tuna haya, kinyongo, donge, kijicho na simanzi, na kila moja lina uso wake.

Kasoro kubwa imo katika vitabu vyenyewe. Vingi ni tafsiri ambazo hisia zake hazizidi furaha, huzuni na hasira. Jumamosi ya tatu kilisomwa kimoja cha aina hiyo, ambacho kila ukurasa huitaja hisia kabla mtoto hajaitazama picha, kwa hiyo pakawa hapana la kuuliza. Watoto waliitikia kwa pamoja kama wanaohesabu, na mwanangu akashughulika kuuchambua ukili wa mkeka. Mwalimu huyohuyo, sauti ileile, lakini kikao kilikuwa kimekufa.

Chumba nacho ni kidogo. Siku ya nne nilihesabu watoto 25 mbele ya kitabu kisichozidi ukubwa wa sahani, na walioketi nyuma walisikia honi za tuktuk kuliko hadithi. Duka lingeweka kikomo cha watoto 12, au lifanye vikao viwili. Vitabu vinauzwa chini, na kile cha kanzu nilikinunua kwa shilingi 850. Ni ghali, ingawa sehemu ya bei hiyo si ya duka, kwani sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16.

Juzi nilipomnunulia dadake viatu, mwanangu alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Naona donge, mama," kisha akataka abebwe. Siwezi kudai kwamba ni kazi ya kikao, maana neno hilo bibi yake hulitumia kutwa, lakini zamani angevitupa viatu vile uani.

Tutaendelea kwenda. Anayetaka mwanawe aone picha na afike kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, aketi mkeka wa mbele, na aulize mapema ni kitabu gani kitakachosomwa siku hiyo.