Kipimo cha Radoni cha Mkaa: Kinafaa kwa Hatua ya Kwanza

Kwa sisi tunaoishi Iowa, jimbo la Marekani ambalo kaunti zake zote 99 zimewekwa na EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, katika daraja la juu la hatari ya radoni, gesi yenye mionzi, kipimo hiki kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni ununuzi wa maana. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hutokana na urani iliyomo ardhini, hupenya kwenye nyufa za sakafu, na nchini humo ndiyo chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara.

Matumizi ni mepesi. Unafunga madirisha na milango ya nje kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, unakifungua kikopo chenye mkaa unaonasa radoni katika ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa na watu, mbali na jiko na bafu, kisha baada ya siku chache unakifunga na kukituma maabara bila kuchelewa, kwa kuwa radoni iliyonaswa hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8 hivi. Lawama yangu ni moja: bei ya kwenye boksi haikujumuisha ada ya maabara, jambo lililoandikwa kwa herufi za kutafutwa kwa kurunzi.

Majibu yalikuja kwa barua pepe, tena yakiwa wazi: pikokyuri (kizio cha mionzi) 5.2 kwa lita ya hewa, juu ya kiwango cha 4 ambacho EPA inashauri nyumba irekebishwe. Hata hivyo, radoni hupanda na kushuka kwa majira, hivyo anayetaka wastani wa kuaminika zaidi atumie kipimo cha muda mrefu, kinachokaa zaidi ya siku 90.