Gitaa la mwanangu kutoka Paracho, baada ya mwaka na nusu

Wazazi wenzangu mnaoulizia gitaa la mtoto anayeanza, naandika kirefu kidogo maana mimi nilianza vibaya na hela ikaenda. Tunakaa Dallas, mwanangu ana miaka 10, shuleni kwao kuna darasa la gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalopigwa kwa vidole, akarudi siku moja anasema mama na mimi nataka langu. Nikaenda duka moja kubwa nikachukua la dola 120, la kiwandani, linang'aa kweli, nikajua nimemaliza kazi. Wiki 3 tu mtoto analia vidole vinauma, na mimi nikawa namgombeza kwamba ni mvivu. Mwalimu alipolishika ndo akanionyesha, pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa) uzi wa besi ulikuwa umenyanyuka karibu milimita 6 wakati kawaida ni kama 4, halafu lilikuwa saizi ya mtu mzima, urefu wa uzi milimita 650 kwa mkono wa mtoto mdogo vile. Niliumia sana, nikamwomba mwanangu msamaha.

Kazini kuna kaka mmoja mwenyeji wa Uruapan, Mexico, akasema likizo anaenda kwao na Paracho haiko mbali, twende wote. Sasa Paracho ni mji mdogo kule milimani Michoacán, kwa Wapurépecha, na magitaa ndo kazi yao kama Wamakonde na vinyago. Ukitembea barabarani unayaona yametundikwa milangoni kama kanga sokoni.

Karakana tuliyopelekwa iko uani kwa watu, baba na vijana wake wawili wanachonga, mama ndo anapaka vanishi, kuku wanapita. Fundi hakuniuliza nina shilingi ngapi, alimwambia mtoto nyoosha mkono, akaviweka vidole vyake kwenye shingo ya gitaa moja, akatazama kidole cha mwisho kinafika wapi, akatikisa kichwa, akaleta jingine, likakataa, akaleta la tatu la milimita 580, hapo akatabasamu. Alafu akachukua ubao wa mwerezi ambao haujaundwa bado, mwembamba kama milimita 2 na kitu, akaushika juu kwa vidole viwili karibu na sikio la mtoto akaugonga kwa kidole gumba, ukalia mlio mrefu kabisa kama sahani ya shaba. Akagonga plaiwudi, ikasema tap, basi. Jamani pale nilielewa kwa nini lile la kwanza lilikuwa linasikika kama boksi.

Akatuwekea na tochi na kioo kidogo ndani ya tundu tuone vibao vilivyogundishwa nyuma ya ubao wa mbele, vimetandazwa kama vidole vya mkono ulio wazi, akasema huo ni mtindo wa Torres, fundi wa Hispania wa karne ya 19, na magitaa mengi ya klasiki mpaka leo yanafuata njia yake. Aliniambia wazi kwamba ubao wa mbele ni mwerezi mtupu ila mgongo na mbavu ni plaiwudi, ndo maana bei ni dola 260, kwa sababu mbele ndo kunakoimba. Nikampenda kwa ukweli huo. Rafu ya juu alikuwa na mbao nyeusi za magitaa ya bei kali, nikaomba nishike, ilikuwa mpingo! Mti wetu wa Kilwa na Lindi, uko milimani Mexico, nilisimama nao mkononi mpaka mwanangu akaniuliza mama vipi.

Kasoro zipo. Begi walilonipa ni jepesi sana, na kifungulio cha uzi wa 3, kile cha kukazia na kulegezea uzi, kilianza kukwama baada ya miezi 5, nikabadilisha seti nzima kwa dola 18. Kubwa zaidi ilikuja wakati wa baridi, hita inawaka usiku kucha, hewa kavu, ubao wa shingo ukasinyaa na chuma hakisinyai, basi ncha za freti zikatokeza zikawa zinamkwaruza mtoto kiganja. Nikawatumia picha WhatsApp, kijana wa fundi akarudisha video siku hiyohiyo, funika mbao kwa tepu, piga tupa laini polepole, na weka sponji yenye unyevu kwenye kiboksi cha sabuni kilichotobolewa ndani ya begi, hakikisha unyevu wa hewa uko asilimia 45 hadi 55. Halijatusumbua tena.

Siku hizi simkumbushi mazoezi, anapiga mwenyewe kabla ya shule nikiwa napika chai. Mwezi uliopita akaanza kudai saizi kubwa, nikaweka mkono wake juu ya rula nikawatumia picha, tayari kulipa. Wakajibu bado, msubiri mpaka mwakani.