Mwavuli wa ufukweni wenye skrubu ya mchangani

Kwa familia yenye watoto wadogo, mwavuli huu wa kipenyo cha mita 2 unafaa sana, mradi uchomekwe vizuri. Zungusha skrubu mpaka izame sentimita 45 hivi, ifike kwenye mchanga wenye unyevu. Ule mkavu wa juu haushiki kitu. Kisha uinamishe kuelekea upepo unakotoka. Ukiinamishwa kinyume, upepo huingia chini yake na kuung'oa, na mwavuli unaoruka hujeruhi vibaya.

Kasoro yake ni mbavu za chuma: chumvi inazila. Zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila mkirudi. Mchanga pia huakisi mionzi ya jua, hivyo watoto wapakwe losheni hata wakiwa kivulini.